Safu ya lugha: Sambaza

Ukishuka na familia sokoni Mahoko, njiani kuelekea Gisenyi, Rwanda, usiulizie dagaa. Ulizia sambaza, wenyeji wakisema Kinyarwanda huwaita isambaza. Ni samaki wadogo wanaong'aa kama fedha, wanaovuliwa usiku kwa taa katika Ziwa Kivu. Hukaangwa wazimawazima hadi wakauke, wakaliwa kichwa na mkia.

Kwetu Dar es Salaam, sambaza ni kitenzi: tunasambaza habari, maji, umeme. Ndiyo maana wanangu walishangaa kusikia mama muuzaji akisema, "Sambaza hawa ni wa leo."

Samaki huyu hana asili ya Kivu. Alipandikizwa humo mwaka 1959 kutoka Ziwa Tanganyika, ambako wavuvi wa Kigoma humhesabu miongoni mwa dagaa, na Warundi husema ndagala. Alihamia ziwa jingine, akapata jina jingine.

Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda tangu 2017, na ng'ambo ya mpaka, mjini Goma, Kongo, ndicho kinachosemwa mitaani. Basi nomino sambaza nayo inastahili nafasi yake kamusini. Wanaoitumia ni wenye lugha, sawa na sisi.