Plagi ya Pini Nyingi na Sauti ya Muziki wa Tanga

Fungueni madaftari yenu, na mwenye kalamu amwazime mwenzake asiye nayo.

Historia si habari za wafalme na vita peke yake. Hata plagi ya waya ina historia, na mtu aijuaye hununua kwa akili. Somo letu leo ni plagi kubwa ya pini nyingi, ile inayounganisha jukwaa la muziki na mikisa ya fundi wa sauti.

Tanga yapata umeme wa muziki

Hapo zamani taarabu ilipigwa kwa udi, fidla na ngoma ndogo. Sauti ya mwimbaji iliishia pale pumzi yake ilipoishia. Katika miaka ya 1950 na 1960 mji wa Tanga uligeuza mambo. Kikundi cha Black Star kiliingiza gitaa na gitaa la besi katika taarabu, na Lucky Star kikafuata njia hiyo hiyo. Bi Shakila, ambaye sauti yake wengi mnaifahamu, aliimba katika vikundi hivyo. Kwa upande wa dansi, Atomic Jazz na Jamhuri Jazz walivuma kwa magitaa ya umeme. Tangu hapo kila chombo kikataka waya wake.

Plagi ilikotoka

Plagi ya gitaa haikubuniwa kwa ajili ya gitaa. Mwaka 1878 kilifunguliwa huko New Haven, Marekani, kituo cha kwanza cha biashara cha kuunganisha simu. Kazi ya vituo vya namna hiyo ndiyo iliyozaa plagi ya robo inchi, kwa sababu karani alitaka kuchomeka na kuchomoa upesi. Kwake wepesi ulikuwa faida. Jukwaani ni hasara: mchezaji akikanyaga waya, plagi hutoka na wimbo hukatika.

Katika miaka ya 1950 kampuni ya Cannon ya Los Angeles ilitoa plagi ya pini tatu yenye kifungio. Pini mbili huchukua sauti. Ya tatu huungana na wavu wa shaba unaozifunika nyaya. Mvumo wa umeme ukiingia njiani, huingia katika nyaya zote mbili sawasawa, na mashine huufuta.

Lakini vipaza sauti vikiwa kumi na viwili, nyaya kumi na mbili hutambaa chini na kuwategea watu miguu. Basi mafundi walizikusanya ndani ya waya mmoja mnene, wakauita nyoka. Ili nyoka huyo aweze kukunjwa na kupakiwa garini peke yake, kwenda Pangani au Muheza, walimtia plagi kubwa ya mviringo. Plagi za jinsi hiyo, zenye pete ya kukaza, zilikwisha kutumika katika ndege za vita za Marekani wakati wa Vita Kuu ya Pili.

Tuchague namna gani?

Kwanza, hesabuni. Kila njia ya sauti yataka pini tatu. Njia 12 mara 3 ni pini 36. Kwa hiyo plagi ya pini 37 yatosha, na pini moja hubaki kwa ajili ya kava la chuma. Msisahau njia za kurudisha sauti kutoka kwenye mikisa mpaka kwenye amplifaya, nazo zahesabiwa.

Pili, na hili ni jambo la uhai, msichague plagi inayofanana na ya taa. Plagi ya pini 19 hutumika sana kwa taa za jukwaani, nayo huchukua volti 230. Ikichomekwa kwa makosa katika waya wa sauti, umeme huo waweza kufika kwenye kipaza sauti, na mwimbaji amekishika mkononi.

Tatu, kumbukeni pwani yetu. Upepo wa bahari una chumvi, na chumvi hula shaba. Tafuteni pini zilizopakwa dhahabu, na kifuniko cha kuziba plagi isipotumika.

Nne, chagueni plagi ambayo pini yake moja ikivunjika yaweza kutolewa na kutiwa nyingine. Pini moja isiwalazimishe kutupa plagi nzima. Kisha chora ramani ya pini, uibandike ndani ya kisanduku. Fundi wa kesho hatakuwa na haja ya kubahatisha.

Karani wa simu alichagua plagi kwa kazi yake, na mwanajeshi kwa kazi yake. Nasi tuchague kwa kazi yetu na kwa hewa ya kwetu. Bei na mng'ao vitazamwe baadaye.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini plagi iliyomfaa karani wa simu haikumfaa mpiga gitaa?
2. Kikundi kina vipaza sauti 8 na njia 2 za kurudisha sauti. Chataka pini ngapi?
3. Mwelezeni jirani ambaye hakuja darasani hatari ya kutumia plagi moja kwa taa na kwa sauti.