Ndege, Kupatwa na Kimondo: Maneno ya Anga Katika Njia ya Igawa

Tarehe 1 Septemba, 2016, muda mfupi kabla ya saa sita mchana, jua lilipatwa katika nchi ya Usangu. Mwezi ulipita mbele yake bila kulifunika lote, ukaacha duara jembamba la mwanga kwa muda wa dakika zisizofika nne. Watu walikusanyika Rujewa, makao makuu ya Wilaya ya Mbarali, si mbali na Igawa, pale ambapo barabara kuu itokayo Makambako huvuka Mto Mbarali. Walikuwapo wataalamu wa falaki, wageni kutoka nje, na wanafunzi waliopokezana miwani maalumu. Mtoto mmoja aliyesimama karibu na mwandishi wa makala haya alimwuliza mwalimu wake, "Jua limepatwa na nani?"

Swali hilo lilichekesha, lakini ni swali la mjuzi wa lugha. Kwa Kiswahili mtu hupatwa na ajali, na ugonjwa, na msiba. Anayesema jua limepatwa amekwisha kusema kwamba kuna jambo lililolisibu. Neno hilo ni la wazee, nao walilitumia kabla ya mtu yeyote kuwafundisha kwamba mwezi ndio upitao kati. Hata hivyo halikumzuia mwalimu yule kueleza ukweli. Alijibu "na mwezi", akaokota mawe mawili na kuonyesha. Na ilipohitajika kutenganisha kupatwa kwa namna ile na kupatwa kwa jua lote, lilisikika neno kipete, ambalo kila aliyewahi kuona pete alilielewa papo hapo. Siku ile neno la kale lilipewa kivumishi, likatosha.

Makala haya yanakusudia kutazama jinsi maneno ya anga na ya urukaji yalivyoingia katika lugha yetu, na kuonyesha mahali pamoja ambapo kazi haijaisha.

Tuanze na ndege. Katika delta ya Rufiji wananchi waliona mashine zirukazo tangu Novemba, 1914, Waingereza walipokuwa wakiitafuta manowari ya Kijerumani Königsberg. Na mwezi Julai, 1915, marubani ndio walioelekeza mizinga iliyoimaliza. Katika Nyanda za Juu za Kusini ndege zilizoea kuonekana kuanzia Januari, 1932, shirika la Imperial Airways lilipofungua njia ya London hadi Cape Town. Mbeya ilikuwa mojawapo ya vituo, kati ya Dodoma na Mpika, mpaka safari hizo zilipohamishiwa pwani mwaka 1937 kwa ndege zenye kutua majini.

Kwa muda neno eropleni lilijaribiwa, na kamusi zikalihifadhi. Halikushika. Watu walichagua ndege, jina la kiumbe waliyemjua, na hapo lugha ikafanya jambo ambalo hakuna kamati iliyoliagiza: ndege mwenye manyoya ameruka, lakini ndege ya abiria imeruka. Upatanisho wa kisarufi ulitenganisha maana mbili bila kuongeza hata silabi moja katika jina lenyewe. Wafasiri wapendao kutohoa kila kitu wangefaa kulikumbuka jambo hilo.

Maneno mengine yalitoka baharini. Rubani alikuwa mtu wa kuongoza chombo majini kabla hajapanda hewani. Abiria, shehena na usukani yalikuwa ya jahazi na meli. Rafadha ilizunguka majini kabla ya kuzunguka mbele ya ndege. Mwanaanga ameundwa kwa kufuata mwanamaji. Kutua nako ni kwa mpagazi anayeshusha mzigo wake, na kwa jua la jioni. Ni uwanja pekee uliosita: shirika moja huandika uwanja wa ndege, jingine kiwanja, na wingi wa yote mawili ukaishia kwenye viwanja, kwa hiyo ugomvi huo hauna faida.

Enzi ya vyombo vya anga za juu ilifika mapema kuliko wengi wanavyokumbuka. John Glenn alipoizunguka dunia mara tatu tarehe 20 Februari, 1962, kituo cha Tunguu, Unguja, kilikuwa miongoni mwa vile vilivyozungumza naye kwa redio. Kituo hicho kilifungwa mwaka 1964. Tarehe 12 Desemba, 1970, kutoka jukwaa la San Marco karibu na Malindi, Waitalia walirusha setilaiti ya Kimarekani ya kuchunguza miale ya eksirei. Kwa kuwa siku hiyo Kenya iliadhimisha miaka saba tangu ijitawale, setilaiti ilipewa jina Uhuru. Neno letu lilipata kuzunguka dunia wakati sisi wenyewe tulikuwa bado tukibishana kama tuandike setilaiti au satelaiti.

Nafasi za kujifunza kazi hizi hazikukosekana. Shule ya urubani ya Soroti, Uganda, ilifunguliwa mwaka 1971 chini ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Jumuiya ikavunjika mwaka 1977, na mwaka huohuo likaundwa Shirika la Ndege Tanzania. Leo Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, Dar es Salaam, hufundisha matengenezo ya ndege. Masomo hayo yote ni kwa Kiingereza, na kwa rubani hapana budi iwe hivyo, maana maisha ya watu hutegemea apate kuelewana na mnara wa nchi yoyote. Kwa hiyo Kiswahili hakishindanii chumba cha rubani. Mahali pake ni darasa la shule ya msingi, ambalo tangu mwaka 1967 limefundishwa kwa Kiswahili, na ambamo mtoto huamua kama mambo ya anga yanamhusu au hayamhusu.

Hapo ndipo tunapofika kwenye kimondo. Mwalimu wa Igawa akipata basi anaweza kuwapeleka wanafunzi wake magharibi kupitia Chimala na Igurusi hadi Mbeya. Mbele kidogo wataona kiwanja cha Songwe, kilichoanza kupokea ndege Desemba, 2012. Kisha watafika Mbozi, katika mteremko wa kilima cha Marengi. Hapo pamelala pande la chuma lenye urefu wa mita 3 na zaidi, linalokadiriwa kuwa na uzito wa tani 16. Asilimia 90 hivi ni chuma, na nikeli ni karibu 9. Habari zake ziliwafikia wataalamu wa nje mwaka 1930. Wananchi hulipanda, hulipapasa, na hustaajabu kuwa ni baridi.

Wote huliita Kimondo. Lakini kimondo, ambacho wengine huandika kimwondo, ni ule mwali upitao usiku kwa kufumba na kufumbua. Watu wa pwani walisema ni kijinga cha moto anachotupiwa shetani. Sasa limeongezeka la tatu. Umoja wa Mataifa ulipoitenga tarehe 30 Juni mwaka 2016 kuwa siku ya asteroidi, yaani mawe yanayolizunguka jua huko mbali, sisi tuliiita Siku ya Vimondo Duniani, na huadhimishwa palepale Mbozi. Kwa hiyo mwanafunzi husikia kwamba kimondo kinazunguka jua, kimondo kinawaka, na kimondo kimelala Mbozi. Vyote vi katika ngeli moja. Upatanisho uliookoa ndege hauwezi kuokoa kimondo.

Si kosa la kuchekwa. Mtoto akiambiwa kimondo kinawaka, kisha akaligusa lile pande baridi, atadhani ama mwalimu amekosea ama yeye ni mjinga, na wengi huchagua la pili. Akifika sekondari atakutana na maneno matatu ya Kiingereza kwa vitu ambavyo yeye ana jina moja, naye atahitimisha kwamba fikra zenyewe hazisemeki kwa lugha yake.

Pendekezo la mwandishi ni hili. Kimondo kibaki kuwa mwali, kama lilivyokuwa tangu zamani. Kilichoanguka kiitwe pande la kimondo. Jiwe la kimondo halifai sana, maana cha Mbozi si jiwe, na wanafunzi huligundua hilo kabla ya mwalimu kusema. Kile kilicho bado angani kiitwe asteroidi, kwa kutohoa, kwa kuwa wazee hawakukiona na hatuna jina lake. Wakazi wa Mbozi wasinyang'anywe jina lao: Kimondo chao kiandikwe kwa herufi kubwa, kama Rungwe au Ruaha, na bango la mahali pale liseme kwamba Kimondo ni pande la kimondo.