Asiyeona anasomaje maktaba ya chuo?

Wadau, wengi tunajua nukta nundu tu, zile nukta 6 za Louis Braille. Tatizo, kitabu kimoja cha kawaida kikipigwa kwa nukta nundu kinageuka majuzuu kibao. Ndo maana siku hizi kompyuta inayosoma kwa sauti imekuwa msaada mkubwa.

JAWS ni ya kulipia na bei yake si mchezo. NVDA ni ya bure, ilianzishwa Australia mwaka 2006 na Michael Curran, ambaye mwenyewe haoni. Unaiweka kwenye flashi na kuitumia hata hapo kafe bila kuingiza kitu kwenye mashine. Sauti ya Kiswahili imo, ingawa inaongea kama roboti, hahaha.

Kinachokwamisha ni vitabu vyenyewe. Ukurasa ulioskaniwa kama picha, programu inanyamaza tu. Lazima ugeuzwe kwanza kuwa maandishi. Na haki miliki je? Mkataba wa Marrakesh wa 2013 unazitaka nchi ziruhusu nakala za namna hiyo bila kumwomba ruhusa mwenye haki. Kenya ilijiunga 2017, Tanzania 2020. Kwa hiyo mtu wa maktaba akikwambia haki miliki inakataza, mtajie mkataba huo.