Rungu Lililogeuka Hoja

Ndugu msikilizaji, juma lililopita kijana wa jirani yangu, mwanafunzi wa kidato cha pili, alinijia na daftari lake la Kiingereza huku amenuna. Walikuwa wamepewa zoezi la maneno yenye maana zinazokaribiana. Mbele ya neno "debate" yeye aliandika "fight", yaani kupigana. Mwalimu akamtia alama ya kosa kwa wino mwekundu.

"Shikamoo mzee. Hapa nimekosa nini? Si kote watu wanashindana?"

Nikamjibu: "Marahaba. Mwalimu wako ana haki. Lakini ungalizaliwa Uingereza miaka 600 iliyopita, ungalipata vema."

Jibu hilo halikumtosha, na kusema kweli hata mimi halikunitosha. Ndiyo sababu leo nataka tuyafuate maneno hayo ya Waingereza mpaka yalikotoka, maana na sisi tumeyarithi, tunakutana nayo shuleni, mahakamani na bungeni.

Mwaka 1852 daktari mmoja wa London, Peter Mark Roget, alitoa kitabu kilichopanga maneno ya Kiingereza kwa mafungu ya maana. Alikwisha kupita umri wa miaka 70, na kazi hiyo aliianza mwaka 1805. Tangu hapo mwandishi akichoshwa na neno moja hufungua fungu lake akachukua jingine. Fungu la kushindana na kubishana limejaa tele: fight, strive, contend, contest, compete, dispute, argue, debate. Yamekaa pamoja kama abiria wa basi moja. Lakini abiria wa basi moja si watu wa ukoo mmoja, na kila mmoja alipandia kituo chake.

Fight ni mwenyeji. Lilikuwapo kabla Wanormani hawajavuka bahari mwaka 1066 na kuitwaa Uingereza. Wanormani walikuja na Kifaransa, na Kifaransa kikawa lugha ya mabwana na ya mahakama kwa karibu miaka 300. Mwaka 1362, wakati wa mfalme Edward III, ilitungwa sheria kwamba kesi zizungumzwe kwa Kiingereza, kwa kuwa raia hawakuelewa yaliyosemwa juu yao. Sheria hiyo yenyewe iliandikwa kwa Kifaransa! Basi maneno mengi ya kubishana yaliingia Uingereza kwa mlango huo, na nyuma ya Kifaransa kulikuwa na Kilatini cha Warumi.

Debate limetokana na kitenzi cha Kifaransa chenye maana ya kupiga. Ni ndugu wa "battle", yaani pigano la vitani. Waingereza wa kale waliposema watu wamo katika debate, walikuwa na maana ya ugomvi, pengine wa panga na rungu. Hata Biblia ya Mfalme James ya mwaka 1611, katika Warumi 1:29, imeliweka neno debate katika orodha ya maovu, katikati ya uuaji na udanganyifu. Biblia ya Kiswahili, tafsiri ya Union, mahali hapo inasema fitina. Na discuss, ambalo leo ni neno la upole kuliko yote, katika Kilatini lilikuwa ni kukipiga kitu na kukitikisa mpaka kisambaratike.

Sasa swali. Rungu hilo liligeukaje kuwa hoja? Nionavyo mimi, halikugeuka lenyewe. Watu walinyang'anywa rungu kidogo kidogo, na waliowanyang'anya ni mahakama, chuo na bunge.

Mahakama ilitoa neno contest. Kwa Warumi lilikuwa neno la kesi: pande mbili hufungua shauri kwa kuita mashahidi. Argue nalo lilikuwa ni kudhihirisha jambo, kulithibitisha, na wataalamu wengi wa lugha hulihusisha na neno la kale la weupe ung'aao, ambalo limezaa pia jina la Kilatini la madini ya fedha. Kwa hiyo anayepiga kelele bila ushahidi hajafanya argue hata kidogo. Amezidisha giza tu.

Chuo kilitoa adabu ya kubishana. Katika vyuo vya Oxford na Cambridge, karne kwa karne, mwanafunzi alipimwa kwa mdahalo. Mmoja aliwekwa kujibu, na mwingine aliwekwa kumpinga. Huyo wa pili ndiye aliyeitwa "opponent". Tafadhali msikilizaji, lishike jambo hilo. Mpinzani hakuwa adui aliyevamia. Aliwekwa na chuo, na bila yeye mwenzake asingepimwa. Mpaka leo Cambridge wanaofaulu daraja la kwanza katika hisabati mwaka wa mwisho huitwa "wranglers", maana yake wabishi.

Bunge lilichelewa zaidi, tena kwa gharama kubwa. Katika karne ya 17 Waingereza walipigana wao kwa wao, na mwaka 1649 walimkata kichwa mfalme wao, Charles I. Ilipita karibu miaka 180 mpaka mwaka 1826, mbunge John Cam Hobhouse aliposema kwa utani kwamba kama wapo mawaziri wa Mfalme, basi upo na Upinzani wa Mfalme. Utani ule ukashika. Mwaka 1937 ikapitishwa sheria ya kumlipa mshahara kiongozi wa upinzani kutoka hazina ya serikali. Hebu fikirini: serikali kumlipa mtu ili aipinge!

Nimeacha maneno mawili kwa makusudi. La kwanza ni compete. Kilatini chake ni kutafuta pamoja. Kwa Warumi "competitor" alikuwa mgombea mwenzako, mnayetafuta naye cheo kile kile. La pili ni rival, yaani hasimu. Hili limetokana na neno la Kilatini la kijito. Rivalis alikuwa mtu anayetumia mfereji mmoja wa maji na jirani yake. Ugomvi upo hapo, nani asiyejua ugomvi wa maji? Lakini wote wawili wanajua kwamba atakayeufukia mfereji ili kumkomoa mwenzake, naye atalala na kiu.

Kiswahili chetu nacho kina hekima yake. Mjadala tumeupata kwa Waarabu, na kwao mzizi huo huo una maana ya kusokota kamba. Nyuzi zinapishana, na kwa kupishana kwao kamba inapata nguvu. Lakini kupinga, asili yake, ni kulaza kitu njiani watu wasipite. Vyama vingi viliporudi, Kenya mwishoni mwa mwaka 1991 na Tanzania mwaka 1992, tuliita vyama visivyotawala upinzani. Neno ni sahihi, sina ugomvi nalo. Wasiwasi wangu ni kwamba wengi wetu tulisikia gogo njiani, na gogo njiani dawa yake ni shoka. Hatukumsikia yule aliyewekwa na chuo ili mwenzake apimwe.

Matokeo yake tumeyaona. Januari 2001 damu ilimwagika Zanzibar. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 zaidi ya watu 1,000 walikufa Kenya. Debate ilirudi kwenye orodha ile ya mwaka 1611, karibu kabisa na uuaji. Neno lililotoka kwenye rungu laweza kurudi huko kwa siku moja, iwapo mahakama haiaminiwi, chuo kinanyamaza na bunge halisikilizi. Waingereza hawakuzaliwa wapole. Walijenga nyumba tatu za kubishania, na wanapaswa kuzitunza kila siku kama sisi tunavyopaswa kuzitunza zetu.

Kijana yule alisikiliza yote haya kwa uvumilivu. Kisha akafuta "fight", akaandika "discuss", akapeleka daftari kwa mwalimu. Safari hii amepata vema.

Nasi na tuendelee kubishana, ndugu zangu, ila mfereji tusiufukie. Kwaherini hadi juma lijalo.