Tamaa: Historia ya Neno na Mkasa wa Maana Zake

Katika nasaha za wazee na walimu, neno tamaa ni nadra kutajwa kwa wema. Mwenye tamaa ni mtu asiyetosheka na alicho nacho. Husemwa tamaa mbele, mauti nyuma. Na aliyepindukia mpaka huambiwa ana tamaa ya fisi, mnyama ambaye katika ngano alishindwa na njia mbili. Hata hivyo mzee yuyo huyo, akienda kumzuru mgonjwa, atamsihi asikate tamaa. Hapa pana jambo la kuchunguzwa. Kama tamaa ni ila tupu, basi kuikata kungekuwa sifa, na aliyeikata angepongezwa. Hakuna Mswahili asemaye hivyo.

Maelezo mepesi ni kudai kwamba Waswahili walilipokea neno hili kutoka Kiarabu likiwa na maana ya uroho peke yake, kisha wakalilainisha. Ushahidi hauungi mkono rai hiyo. Mzizi wa Kiarabu una konsonanti tatu: t nzito, m, na ain. Kiswahili kiliipoteza ain na kubakiza irabu ndefu, kama kilivyofanya katika saa na jamaa. Maana, kwa upande wake, ilikuwa na sura mbili tangu huko. Katika Kurani, sura ya 7 aya ya 56, neno hili limefungamanishwa na hofu, na maana yake ni matarajio ya rehema. Katika sura ya 13 aya ya 12 limehusishwa na umeme, ambao watu huuogopa na papo hapo hutarajia mvua. Lakini katika sura ya 33 aya ya 32, kitenzi cha mzizi huo huo kinahusu uchu wa mtu mwenye maradhi moyoni. Basi Kiswahili hakikulainisha kitu, kilirithi.

Kilichofanywa na Kiswahili chenyewe ni kuyakaribisha maneno yasiyo ya ukoo mmoja. Kitenzi kutamani hudhaniwa na wengi kuwa ni cha tamaa, ilhali kimetokana na mzizi mwingine wa Kiarabu, ule wa kutaka na kuwazia. Silabi ta- ndani yake ni kiambishi tu. Tumaini nalo lina asili ya tatu, yenye maana ya utulivu wa moyo. Katika Kiarabu herufi zinayatenganisha maneno haya waziwazi. Kiswahili, kwa kuwa hakitofautishi t nzito na nyepesi, kimeyafanya yasikike kama ndugu, na sikio la msemaji halina hatia kwa kuyapa nasaba moja.

Yaelekea ujirani huu ndio ulioigawa kazi. Tumaini lilichukua upande wa heri, na tamaa ikaachiwa ziada na lawama. Mgawanyo huo, hata hivyo, haukukamilika. Kamusi ya Madan ya 1903, na ile ya Johnson ya 1939 iliyojengwa juu yake, zote zinaweka uroho na matarajio chini ya tamaa. Wako sahihi kuliko vitabu vya shule vinavyolifasiri neno hili kwa uroho pekee, kana kwamba Kiswahili kina uhaba wa majina ya pupa. Uroho na ulafi aghalabu huhusu chakula kwanza. Uchu ni kiu ya kitu kilichokosekana. Choyo ni kuzuia, si kutaka. Tamaa haina kipimo ndani yake, na ndiyo maana wasemaji huiongezea: tamaa mbaya, tamaa ya mali, tamaa ya fisi. Hata methali iliyotajwa inalaumu kuitanguliza.

Mfano ulio hai zaidi ni kutia tamaa. Maneno ya mganga yaweza kumtia mgonjwa tamaa ya kupona; bidhaa za dukani zaweza kumtia mpita njia tamaa ya kununua asichokihitaji. Kitenzi ni kile kile na jina ni lile lile. Msikilizaji hatambui ni tamaa ipi mpaka ajue ni nani aliyetiwa, na ni kitu gani kilichowekwa mbele yake.