Mkwaju wa shilingi: namna ya kuiuliza seli ina nini ndani

Leo nataka tuzungumze kuhusu lahajedwali, hasa zile fomula zinazokuambia seli imebeba kitu gani: nambari, maandishi, tarehe au hewa tupu. Najua wengine mmeshaanza kupiga miayo. Subirini kidogo, maana kisa hiki karibu kimnyime mama mmoja haki yake.

Mwaka jana nilikuwa Angurai, huko Teso Kaskazini, si mbali na mpaka wa Malaba. Chama kimoja cha wakulima kilikuwa kinajiandaa kugawa hisa. Daftari lao la zamani lilikuwa limenakiliwa kwenye Excel, kila mwanachama na safu yake, na chini ya kila safu fomula ya =SUM. Mama mmoja mjane alipoonyeshwa safu ya marehemu mumewe, jumla ilikuwa 0. Na juu ya hiyo sifuri, michango imejipanga kama askari wa gwaride: 500/=, 500/=, 1,000/=, 500/=.

"Mwanangu," akaniambia, "pesa hizi nazisoma kwa macho yangu. Sasa mashine inasema marehemu hakuchanga?"

Mashine haikuwa imesema hivyo. Ilikuwa imeona maandishi, na SUM huwa inayaruka maandishi bila kupiga kelele. Aliyenakili safu ile alikuwa mwaminifu mno: aliandika kila kitu kama kilivyokuwa daftarini, pamoja na ule mkwaju na alama ya sawasawa. Walionakili safu nyingine waliandika 500 tu, jumla zao zikatoka sawa.

Sasa tujiulize: hii "/=" tuliitoa wapi?

Waingereza wa zamani walikuwa na pauni, shilingi na peni. Shilingi moja ilikuwa peni 12, na walitenga shilingi na peni kwa mkwaju: 5/6 ni shilingi tano na peni sita. Kama hakuna peni, waliweka kistari: 5/-. Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki iliundwa mwaka 1919, na mwaka 1921 ikaleta shilingi ya Afrika Mashariki, yenye senti 100. Peni hazikuwepo tena lakini mkwaju ulibaki. Shilingi tano na senti hamsini ikaandikwa 5/50, na shilingi tano kamili ikawa 5/-, au kwa mkono wa wengi wetu, 5/=. Mwaka 1966 Kenya, Uganda na Tanzania zilianza kutoa sarafu zao wenyewe, na zote tatu zikabaki na jina shilingi na mwandiko ule ule. Waingereza wenyewe waliiacha hesabu yao ya shilingi mwaka 1971. Sisi bado tunaandika /= kwenye risiti, kwenye kuta za maduka na kwenye madaftari ya vyama.

Upande wa pili wa hadithi unaanza mwaka 1979. Dan Bricklin, aliyekuwa mwanafunzi wa biashara pale Harvard, pamoja na rafiki yake Bob Frankston, walitoa VisiCalc kwa kompyuta ya Apple II. Hiyo ndiyo lahajedwali ya kwanza kupendwa na watu wa kawaida. Tatizo walilokutana nalo ni hili: mtu anapogusa kibodi, programu itajuaje kama anaandika jina au hesabu? Dawa yao ilikuwa kuangalia herufi ya kwanza. Ukianza na herufi ya alfabeti, hiyo ni lebo. Ukianza na tarakimu, au alama kama + na -, hiyo ni thamani. Ndiyo maana ukitaka kuitaja seli A1 mwanzoni mwa fomula ilibidi uandike +A1, la sivyo ingedhaniwa ni jina.

Na mkwaju je? Ukiubonyeza mwanzoni, ulifungua orodha ya amri. Katikati ya tarakimu, ulikuwa alama ya kugawanya. Shilingi haikuwa na nafasi hapo.

Mwaka 1983 ikaja Lotus 1-2-3 ya Mitch Kapor na Jonathan Sachs. Utaratibu ulikuwa karibu ule ule, ila kila lebo ilibebeshwa alama mbele yake, na ritifaa (') ilimaanisha "haya ni maandishi, yaegemee kushoto". Ritifaa hiyo iko hai mpaka leo ndani ya Excel. Ukiandika '300, utaona 300, lakini kwa kompyuta hayo ni maandishi. Lotus pia ilikuwa na fomula za kuhoji seli, @ISNUMBER na @ISSTRING. Excel ilitoka mwaka 1985 kwa Macintosh na mwaka 1987 kwa Windows, na ndani yake tunazo ISNUMBER, ISTEXT, ISBLANK, ISERROR na nyinginezo.

Hapa ndipo penye jambo lenyewe. Kama karani angejaribu kuandika 500/= kwenye Lotus, programu ingeona tarakimu mwanzoni, ingedhani ni hesabu, ingekwama kwenye alama ya sawasawa, ingelia "piii" na kukataa. Karani angekasirika, angefuta /=, na mambo yangekwisha. Excel ina adabu zaidi. Ikishindwa kukielewa kitu, inakipokea kama maandishi na kunyamaza. Adabu hiyo imetuhamishia sisi kazi ya ukaguzi.

Na kuna jambo baya zaidi ya kunyamaza, nalo ni kubahatisha. Andika 5/50 kwenye Lotus ya zamani: itagawanya na kukupa 0.1. Andika 5/50 kwenye Excel: itadhani umemaanisha mwezi wa tano mwaka 1950. Itahifadhi tarehe 1 Mei 1950, na tarehe ndani ya Excel ni idadi ya siku tangu mwanzo wa 1900, kwa hiyo ndani ya seli kuna 18384. Shilingi tano na nusu imekuwa zaidi ya elfu kumi na nane!

Msidhani ni sisi wenye madaftari tu tunaoteseka. Wanasayansi walikuwa na jeni zenye majina kama SEPT1 na MARCH1, na Excel ikazigeuza tarehe za Septemba na Machi. Utafiti wa mwaka 2016 ulikuta kasoro za namna hiyo katika takriban moja ya tano ya makala za kisayansi zilizoambatanishwa na orodha za jeni za Excel. Mwaka 2020 kamati inayosimamia majina ya jeni ilitangaza kuyabadilisha: SEPT1 ikawa SEPTIN1, na MARCH1 ikawa MARCHF1.

Turudi kwenye chama. Jaribu mwenyewe, ingiza hivi kuanzia A2 hadi A8:

A2: 500
A3: 500/=
A4: 1,200
A5: 5OO (sifuri mbili ni herufi O)
A6: 250/50
A7: 5/50
A8: '300

Kwa macho ya mweka hazina, jumla ni shilingi 3,256. Sasa andika =SUM(A2:A8). Inatoka 20,084, kama Excel yako imegeuza 5/50 kuwa tarehe kama yangu. Ni seli mbili tu zilizohesabiwa kwa haki, A2 na A4. Nne zimerukwa, na A7 imeleta siku zake 18,384.

Ukaguzi wa haraka ni huu:

=COUNTA(A2:A8)-COUNT(A2:A8)

COUNTA inahesabu seli zote zenye kitu, COUNT inahesabu zenye nambari tu. Tofauti hapa ni 4. Kwenye safu ya pesa jibu linapaswa kuwa 0. Kama si 0, usimlipe mtu yeyote bado.

Kisha ihoji seli moja moja. Kwenye B2 andika fomula hii na uivute kwenda chini:

=IF(ISBLANK(A2),"tupu",IF(ISTEXT(A2),"maandishi",IF(LEFT(CELL("format",A2),1)="D","tarehe",IF(ISNUMBER(A2),"nambari","angalia"))))

Kwa nini swali la tarehe limetangulia la nambari? Kwa sababu ISNUMBER itasema TRUE kwa tarehe pia. Tarehe ni nambari iliyovaa nguo nyingine. CELL inaangalia hizo nguo, na mitindo ya tarehe inaanza na herufi D. Na uwe macho na ISBLANK: seli yenye nafasi moja tu ya kibodi si tupu, ni maandishi yasiyoonekana.

Kusafisha zile zenye /= ni rahisi:

=VALUE(SUBSTITUTE(A3,"/=",""))

Lakini 5/50 iliyokwisha kuwa tarehe usiisafishe kwa fomula. Fungua daftari, uiandike upya 5.50.

Kwa safu mpya, andika neno "Shilingi" kwenye kichwa cha safu na tarakimu peke yake kwenye seli, kisha weka sharti la =ISNUMBER(A2) kwenye Data Validation. Namba za simu ni kinyume chake: zifanye maandishi kabla hujaanza kuandika. Vinginevyo 0772 itapoteza sifuri yake, na hata +254 itapoteza alama yake. Kwa watu wa mpakani jambo hili si dogo. Kenya na Uganda zote zina namba zinazoanza na 077, kwa hiyo msimbo wa nchi ukipotea hujui tena pesa unaituma upande gani.

Siku ile Angurai tulisafisha safu ya marehemu, na jumla ikatoka 46,500. Mama aliisoma mara mbili, akaniomba niichape kwenye karatasi. Tulipomaliza safu zote, fomula yangu ikasema "nambari" kuanzia juu hadi chini, nami nikaanza kufunga kompyuta.

Mzee mmoja akanishika mkono. "Kijana, ngoja kwanza." Akafungua daftari kwenye ukurasa mmoja na kunionyesha pembeni herufi mbili za penseli, UG. Michango ya miezi ile ilitolewa kwa shilingi za Uganda, maana wanachama hao walikuwa wameuza mazao ng'ambo. Ilikuwa imeandikwa /= kama mingine yote, na ISNUMBER ilikuwa imeipitisha yote bila wasiwasi. Tukaongeza safu ya pili, "Sarafu", tukaanza tena kutoka ukurasa wa kwanza, yeye akisoma na mimi nikiandika.

Hadi wakati mwingine, kagueni seli zenu.