Mwalimu Grossman na Neno "Kutoweza"

Yapo maneno katika sheria za kazi ambayo kila mwalimu hudhani ameyafahamu, mpaka siku yatakapotumiwa dhidi yake. Neno "kutoweza" ni mojawapo. Kisa cha Paula Grossman, mwalimu wa muziki wa jimbo la New Jersey, Marekani, chafaa kutufikirisha sote tulioshika chaki.

Grossman alikuwa amefundisha watoto wa shule ya msingi katika mji mdogo wa Bernards kwa miaka 14, akijulikana kuwa mwanamume, baba wa watoto 3. Mwaka 1971 alifanyiwa upasuaji wa kubadili jinsia, akataka kurejea darasani akiwa mwanamke. Bodi ya shule ilikuwa tayari kumpa kazi nyingine kwa mkataba mpya, ila kwanza ajiuzulu na kuachilia kinga yake ya ajira. Alikataa. Bodi ikamsimamisha kazi na kumfungulia mashtaka.

Kinga hiyo si jambo dogo. New Jersey ilitunga sheria ya kuwalinda walimu mwaka 1909, nayo ilihesabiwa miongoni mwa sheria tangulizi za aina yake nchini humo. Kwa sheria hiyo, mwalimu aliyethibitishwa hawezi kufukuzwa ila kwa sababu zilizotajwa: utovu wa nidhamu, uzembe, kutoweza kazi, au sababu nyingine ya haki. Shabaha yake ilikuwa kumwepusha mwalimu na chuki za majirani na hila za wanasiasa.

Sasa basi, Grossman alikuwa na kosa gani? Kamishna wa Elimu, katika uamuzi wake wa 1972, hakuona kwamba mwenendo wake ulikuwa mbaya. Hata hivyo alikubali afukuzwe kwa kuwa "hawezi": yaani kuwapo kwake darasani, mbele ya watoto waliomjua kwa sura ya zamani, huenda kungewadhuru kimawazo. Mahakama ya rufani ya jimbo iliafiki mwaka 1974, ingawa ilieleza kuwa haikuwa ikiamua kama angefaa kufundisha mahali pengine. Msomaji atambue mageuzi yaliyofanyika hapo. Uwezo wa mwalimu haukupimwa tena kwa kazi yake, bali kwa hofu ya wengine juu yake. Ngao iliyoundwa kumkinga dhidi ya hofu hiyo iligeuzwa kuwa mkuki.

Alijaribu mlango mwingine, Sheria ya Haki za Raia ya 1964, iliyokataza ubaguzi wa jinsia kazini. Mwaka 1975 mahakama ya shirikisho ilisema hakufukuzwa kwa kuwa mwanamke, bali kwa kuwa alibadili jinsia. Kwa hiyo sheria haikumhusu. Mwaka 1976 Mahakama Kuu ya Marekani ilikataa kusikiliza shauri lake. Mwaka 1978 mahakama ya jimbo iliamua kuwa, maadam alihukumiwa hawezi kufundisha, basi anastahili pensheni ya mtu asiyejiweza. Alipewa mkate, akanyimwa darasa.

Alifariki mwaka 2003. Mwishoni mwa 2006 New Jersey ilirekebisha sheria yake ili kuwalinda watu kama yeye, na tarehe 15 Juni 2020 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba kumfukuza mtu kazini kwa sababu hiyo ni kuvunja sheria ile ile ya 1964.

Hata hivyo mjadala haujafungwa. Mwaka 2023 jimbo la Florida lilitunga sheria inayomkataza mfanyakazi wa shule ya umma kuwaambia wanafunzi wamwite kwa cheo au kiwakilishi kisicholingana na jinsia ya kuzaliwa kwake. Aprili 2024 jaji aliizuia isitumike juu ya mwalimu mmoja. Julai 2025 mahakama ya rufani ikakiondoa kizuizi hicho. Mwalimu huyo hakufukuzwa kwa sheria. Alitakiwa tu asijitaje.

Sisi walimu wa Kiswahili tuna "yeye" moja kwa wote, lakini tunayo "Bwana" na "Bibi". Juu ya hayo tunalo jina lisilouliza jinsia, ambalo watoto hutuamkia kila asubuhi: Mwalimu. Jina hilo hupatikana kwa kazi. Je, ni haki lipotee kwa hofu?